Aliyeanguka na asiyeshinda: fomu (rekodi ya mbio) ya farasi wa mbio za kuruka isomwe vipi?

MwanaNgong:

Wanajamvi, salamu kwenu. Mbio za farasi nilizokulia ni zile za Ngong, Nairobi, ambako farasi hukimbia kwenye nyasi bila kizuizi chochote, na mtu akishajua kasi ya farasi, umbali unaomfaa na joki anayempanda, amejua mengi. Sasa ninafanya kazi Liverpool, na tangu Oktoba wenzangu hawana mazungumzo mengine ila mbio za kuruka, kwa kuwa huo ndio msimu wake hadi mwishoni mwa Aprili. Nimejaribu kufuatilia kupitia gazeti, lakini nimekwama.

Jumamosi kuna mbio za handikapu (farasi bora hubebeshwa uzito zaidi) za maili tatu, tena za vizuizi vikubwa, si zile za viunzi vyepesi. Farasi wawili wamenichanganya. Wa kwanza ameandikiwa rekodi ya 1-P21F na atabeba ratili (pauni) 163. Wa pili ameandikiwa 34-2233 na atabeba ratili 149. Mwenzangu mmoja amemfuta wa kwanza kwa sababu mara ya mwisho alianguka. Mwingine amemfuta wa pili kwa madai kwamba ni farasi anayeridhika kufuata wenzake. Naona wote wawili wamehukumu haraka, ila sina hoja ya kuwajibu. Naomba mnieleze namba na herufi hizi zinasema nini hasa, na mtu anayetaka kupima matumaini ya farasi katika mbio za aina hii aanzie wapi. Suala la kuweka pesa nimeliacha kando; nataka kuelewa ninachokitazama.

BiSaumu:

Ndugu MwanaNgong, rekodi husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na mbio za karibuni kabisa ndizo za mwisho upande wa kulia. Kistari kinatenganisha msimu uliopita na huu wa sasa. Ukiona mkwaju (/), ujue pengo ni kubwa zaidi, pengine farasi alikaa nje msimu mzima kwa jeraha. Namba ni nafasi aliyomaliza, na sifuri ni ya kumi au nyuma ya hapo. F ni kuanguka, U ni kumpoteza joki bila farasi mwenyewe kuanguka, B ni kuangushwa na farasi mwingine, P ni joki kumsimamisha njiani, na R ni kukataa kuruka. Kwa hiyo farasi wako wa kwanza alifunga msimu uliopita kwa ushindi, akaanza huu kwa kusimamishwa, akawa wa pili, akashinda, kisha akaanguka.

Herufi hizo hazina uzito sawa. B mara nyingi ni bahati mbaya tupu. Mwaka 1967, katika Grand National pale Aintree, farasi aliyekuwa amempoteza joki wake aliwavuruga wenzake kwenye kizuizi cha 23, karibu kundi zima likakwama, na Foinavon, aliyekuwa nyuma sana, akapenya na kushinda kwa bei ya kamari ya 100 kwa 1. Waliokwama siku ile walibaki na doa kwenye rekodi zao, lakini doa hilo halikusema lolote juu ya uwezo wao.

F nayo inategemea farasi alianguka wapi, na akiwa katika hali gani. Kauto Star aliingia Queen Mother Champion Chase ya Machi 2006 akiwa ndiye anayepewa nafasi kubwa kuliko wote, akaanguka kwenye kizuizi cha tatu. Desemba ya mwaka huohuo alishinda King George VI Chase pale Kempton, na Machi 2007 akatwaa Cheltenham Gold Cup. Mwenzako wa ofisini angekuwa amekwisha kumfuta. F ninayoiogopa mimi ni ile ya mwishoni, farasi akiwa hoi, miguu ya nyuma ikiburuta matawi ya kizuizi badala ya kuyavuka, kwa kuwa uchovu huo utamrudia kila umbali ukiwa uleule.

P ndiyo ningeichunguza kwanza. Huenda ardhi ilikuwa na tope kuliko anavyoweza kustahimili, huenda hakuwa tayari baada ya mapumziko ya kiangazi, huenda alishindwa kupumua vizuri. Hilo la mwisho gazeti linaweza kukusaidia: tangu Januari 2018 ni lazima Uingereza itangazwe farasi anapokimbia kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji wa njia ya hewa. Ukiliona tangazo hilo baada ya P, rekodi ya nyuma inakuwa na maana nyingine kabisa.

MzeeKombo:

Bi Saumu ameeleza vizuri, lakini amepita pembeni ya neno lililo kubwa katika swali, nalo ni handikapu. Waweka uzito rasmi humpa kila farasi alama kulingana na alivyokimbia, na alama moja ni ratili moja mgongoni. Farasi wako wa kwanza anabeba ratili 14 zaidi ya wa pili. Maana yake ni kwamba kwa makadirio yao yeye ni bora kwa alama 14, na ratili hizo ndizo zinazotakiwa kuwafikisha pamoja. Kwenye mbio za mita 1,000 zisizo na vizuizi, farasi akiachwa kwa urefu wa farasi mmoja huhesabiwa kama ratili tatu hivi. Kwenye maili tatu za kuruka, urefu mmoja ni ratili moja tu, kwa sababu mwishoni wote wanakwenda polepole. Ukishika kanuni hiyo unaweza kukaa na matokeo ya zamani na kuyapiga hesabu upya mwenyewe: aliyeshindwa kwa urefu wa farasi sita na leo amepunguziwa ratili kumi dhidi ya yuleyule aliyemshinda, kwenye karatasi ana nafasi nzuri.

Anayedhani uzito ni jambo la makarani aitazame Grand National ya 1973. Crisp alibeba ratili 168 na Red Rum 145. Crisp alipotua baada ya kizuizi cha mwisho alikuwa mbele kwa urefu wa farasi wapatao 15, na kilichobaki ni mwendo wa mita 450 hivi bila kuruka. Hapo ndipo zile ratili 23 zilipodai haki yake: akaanza kuyumba, na Red Rum akampita hatua chache kabla ya mstari, akamshinda kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Wote wawili walivunja rekodi ya muda ya uwanja ule.

Kuhusu farasi wako wa pili, sikubaliani na anayesema ameridhika kufuata. Farasi anayemaliza wa pili na wa tatu kila mara ana taabu ya kipekee: hapotezi kiasi cha kupunguziwa alama, na hashindi kiasi cha kujipatia kitu. Waweka uzito wanamjua kama kiganja cha mkono wao. Hilo ni tatizo la hesabu, halithibitishi woga. Angalia pia kama atapandwa na joki mwanafunzi, kwa sababu hao hupunguziwa ratili tatu, tano au saba kulingana na ushindi walionao, na punguzo hilo halionekani kwenye alama za farasi.

MtunzaFarasi:

Shikamoo Mzee Kombo. Kwa heshima zote, mfano wako una upande wa pili ambao umeuacha. Mwaka 1974 Red Rum alirudi Aintree akiwa yeye ndiye mwenye ratili 168, yaani uzito uleule uliomlemea Crisp, na akashinda. Mwaka 1975 alikuwa tena na ratili 168, ardhi ikawa laini, na L'Escargot akamwacha mbali. Uzito haukubadilika, udongo ndio uliobadilika. Ndiyo maana sisi tunaoamka na farasi alfajiri huuliza kwanza hali ya uwanja, kisha urukaji wake, na ratili baadaye.

Hali ya uwanja hutangazwa kwa ngazi, kuanzia ardhi ngumu hadi tope zito, na kila farasi ana sehemu yake kwenye ngazi hiyo. Anayepiga hatua za chini na ndefu hupenda ardhi nzuri yenye kurudisha mguu. Anayeinua magoti juu huvumilia tope. Andika kando ya kila namba ya rekodi hali ya ardhi ya siku ile, na mara nyingi farasi aliyeonekana kigeugeu atageuka kuwa mwenye utaratibu kabisa.

Urukaji ndio jambo ambalo Ngong haikukufundisha, ndugu yangu. Mbio za maili tatu zina vizuizi 18 au zaidi, na kimo chake si chini ya futi nne na nusu, yaani sentimita 137. Tazama video na usimtazame kiongozi. Mtazame farasi wako anapokaribia. Hatua zake zisipolingana na kizuizi, farasi mwerevu hufupisha hatua moja ya mwisho, akaondoka akiwa karibu, akatua bila kupoteza mwendo. Mwingine hujirusha kutoka mbali na kuombea. Wakati wa kutua, joki mzuri huachia hatamu ziteleze vidoleni ili farasi anyooshe shingo, pua ikikaribia nyasi, kisha huzikusanya tena baada ya hatua mbili. Farasi anayepoteza nusu urefu kila anapotua amepoteza urefu tisa kwa vizuizi 18, na hesabu za Mzee Kombo haziwezi kumrudishia.

Upande wa kugeukia nao una maana. Wapo wanaovuta kulia kila wanaporuka. Kwenye uwanja wa kugeukia kushoto, kama Cheltenham na Aintree, hupoteza nafasi katika kila kona. Desert Orchid alijulikana kwa kupenda kulia, na alishinda King George mara nne pale Kempton, ambako hugeukia kulia. Nakiri kwamba mwaka 1989 alishinda Gold Cup ya Cheltenham akigeukia kushoto, tena kwenye tope zito baada ya theluji. Farasi wa daraja lile huvunja kanuni. Wa Jumamosi yako, nadhani, si wa daraja lile.

Ukipata nafasi ya kufika uwanjani, simama pale wanapozungushwa kabla ya mbio. Mimi humtazama nyuma, si usoni: misuli ya mapaja iwe imejaa, na kusiwe na povu jeupe la jasho katikati ya miguu. Farasi aliyelowa jasho siku ya baridi amekwisha kukimbia nusu ya mbio zake.

MwanaNgong:

Nawashukuru sana, na marahaba yako, Mzee Kombo, nimeiona imecheleweshwa na hoja. Nimetafuta video na ripoti. Farasi wa kwanza alianguka kwenye kizuizi cha pili kutoka mwisho akiwa anaongoza. Joki alikuwa bado hajamsukuma, na farasi alijirusha kutoka mbali. Ile P ilikuwa kwenye tope zito, na mbio zake nyingine zote zilikuwa kwenye ardhi nzuri. Farasi wa pili amekimbia msimu huu wote umbali wa maili mbili na nusu, na katika mbio tatu kati ya nne alikuwa akiwakaribia walio mbele wakati mstari unafika. Utabiri wa hali ya hewa unasema mvua kuanzia Alhamisi.

BiSaumu:

Basi sehemu kubwa ya jibu umejipatia mwenyewe. Anguko la farasi wa kwanza lilikuwa kosa la kupima umbali, halikuwa la uchovu, kwa hiyo mimi simhesabii sana. Lakini P kwenye tope na mvua ya siku tatu ni vitu viwili visivyopaswa kukutana. Yule wa pili, aliyeonekana asiyeshinda, amekuwa akikimbizwa umbali mfupi kuliko unaomfaa, na hiyo nusu maili ya nyongeza huenda ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Mvua ikinyesha kama inavyotabiriwa, namweka yeye mbele. Ikikosekana, namrudia wa kwanza pamoja na ratili zake 163.

MzeeKombo:

Marahaba, kijana wa farasi, na nimekubali hoja ya 1975. Ila, Bi Saumu, kumaliza kwa nguvu kwenye maili mbili na nusu hakumfanyi farasi kuwa wa maili tatu. Wapo wanaowakaribia waliochoka kuliko wao, na wakiongezewa umbali huchoka vilevile. Mimi ningetaka kujua mama yake alizaa watoto wa umbali gani. MwanaNgong, asubuhi ya Jumamosi soma tangazo la hali ya uwanja kabla ya kusoma kitu kingine, kisha tazama orodha ya walioondolewa. Mkufunzi aliyeona farasi wake akisimamishwa kwenye tope mara moja huenda asimpeleke tena huko, na hapo hutakuwa na wawili wa kulinganisha.