Tupeane uzoefu: mfungwa wa maisha afundishwe ufundi kwa hela ya umma?

Wakuu, salaam. Nawauliza mliopitia au kuyaona kwa karibu: kuna maana gani kutumia kodi kumfundisha kazi mtu aliyehukumiwa kifungo cha maisha? Naanza mwenyewe.

Nilitumikia miaka sita. Useremala nilifundishwa na mzee wa maisha, niliyemkuta karakana na kumwacha humo humo. Mwalimu wa kuajiriwa alikuja mara mbili kwa wiki. Siku nyingine zote mwalimu alikuwa yule mzee. Alininyima msasa mpaka nijue kupiga randa. Leo nakula kwa mikono hii. Yeye hana cheti, maana bajeti ilikuwa ya wanaokaribia kutoka. Linaniuma mpaka leo.

Askari Mstaafu: Nimelinda bweni lao miaka 11. Watu hudhani hao ndio wakorofi kupita wote. Kwangu, walionisumbua ni vijana wa vifungo vifupi. Wa maisha anataka utulivu, pale ndipo kwake. Ila karakana ilipofungwa kwa kukosa fedha, bweni lilibadilika ndani ya miezi michache. Ugomvi, watu kujidhuru. Tukaongezewa zamu za usiku. Hiyo nayo si hela ya umma?

Dada wa Marehemu: Mimi naumia kusoma haya. Aliyemuua kaka yangu anatumikia maisha. Mtoto wa kaka aliacha chuo, ada hatukuipata. Leo niambiwe muuaji anasomeshwa bure?

Mwalimu wa Ufundi: Pole sana dada. Mtoto huyo naye alistahili kusomeshwa, na serikali inayomsahau inakosea. Hoja kama yako ilisikika Marekani mwaka 1994, wafungwa walipoondolewa kwenye ruzuku ya Pell, msaada wa serikali wa ada ya chuo. Walirudishiwa Julai 2023, na urefu wa kifungo si kikwazo. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria mwaka 2013 kwamba kila dola 1 ya elimu gerezani huokoa dola 4 hadi 5 za gharama za kuwafunga watu tena. Hesabu hiyo ni ya wanaotoka. Wa maisha haonekani humo, ingawa darasani kwangu yeye ndiye anayewashika mkono wageni nikishaondoka.

Tena, mwaka huo huo wa 2013, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema hata kifungo cha maisha lazima kiwe na njia ya kupitiwa upya. Sasa siku ya kupitiwa ikifika, mtu aliyezuiwa kujifunza ataonyesha nini?

Dada wa Marehemu: Nimekusoma, mwalimu. Kukubali bado. Ila mtoto wa kaka huwa ananiuliza yule mtu anafanya nini huko siku nzima, na sijawahi kuwa na jibu.

Mwanzisha mada: Dada, pole, na asante kwa kubaki nasi. Afande, ile karakana ilifunguliwa tena?

Askari Mstaafu: Ilifunguliwa baada ya miaka miwili. Waliozifufua mashine ni wa maisha. Wengine wote waliozijua walikuwa wameshatoka.