MREJESHO: Makoloni 13 yasiyojitenga na Uingereza, historia ibadilikie wapi?

Wakuu, asanteni kwa michango. Niliuliza tukio gani libadilishwe ili makoloni 13 ya Amerika yabaki chini ya Uingereza. Naanzia Philadelphia, 28 Septemba 1774. Kwenye mkutano wa wajumbe wa makoloni, Joseph Galloway, mjumbe wa Pennsylvania, alipendekeza Baraza Kuu: wajumbe wachaguliwe na mabunge ya makoloni kila miaka 3, rais wake ateuliwe na mfalme, na sheria zinazogusa makoloni zikubaliwe na Baraza na Bunge la London pia. Hoja iliwekwa kiporo kwa kura 6 dhidi ya 5. Koloni moja tu likigeuka, mlango unafunguka, ingawa London nayo lazima ikubali.

Vita vya Saratoga vya 1777, ambako Waingereza walishindwa, nimeviacha. Hata Burgoyne, jenerali wa Uingereza, angeshinda, jeshi la ng'ambo lingeendelea kula fedha, na kodi ndiyo chanzo cha ugomvi wote.

Panaponiumiza kichwa ni utumwa. Sheria ya Uingereza ya 1833 ya kukomesha utumwa iliwafidia wamiliki pauni milioni 20 kwa watumwa wapatao 800,000. Sensa ya Marekani ya 1830 ina watumwa zaidi ya milioni 2. Kwa hiyo msihamishe 1833 kama ilivyo: gharama inapaa, na mabwana wa pamba wanapata sauti serikalini.