Noti nyekundu ya rupia 10 ya marehemu babu: feki kweli?

KasaWaUnguja: Wakuu salaam. Marehemu babu alikaa Maskati miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Juzi tukipanga kasha lake tumekuta noti ya rupia 10. Mbele, kulia, kuna wale simba wa Ashoka, nembo ya India. Nyuma jahazi limetweka tanga. Nikampelekea jamaa mmoja wa vitu vya kale, akaitupia jicho akasema feki: rupia 10 ya India ya wakati ule ni ya zambarau, hii nyekundu. Hapo hapo akataka kunipa elfu ishirini! Feki unanunua ya nini? Ina vitundu viwili pembeni na imekunjika katikati. Mama anasema niipige pasi, kisha laminesheni. Nifanyeje?

Bwana_Mizani: Rupia ya Mjerumani hiyo mkuu. Umeula!

DobiMstaafu: Ya Mjerumani imeandikwa Kijerumani, Bwana Mizani. Soma swali kwanza.

BintiMatrah: Kaka, rangi hiyo ndiyo inayokutetea. Zamani nchi za Ghuba zilitumia rupia za India zile zile. Wajanja wakawa wananunua dhahabu huku kwa rupia, wanaiingiza India kwa magendo, na rupia zinarudi Benki Kuu ya India kubadilishwa kwa pauni za Uingereza. Akiba ya India ya fedha za kigeni ikawa inavuja. Mwaka 1959 India ikatoa noti za Ghuba peke yake, zisizotumika ndani ya India. Mchoro ni ule ule, wakabadili rangi: 5 ikawa ya machungwa, 10 nyekundu, 100 kijani. Namba zake huanza na herufi Z. Tazama Z kabla ya kitu kingine. Kisha iinue kwenye mwanga, uone simba kwenye alama ya maji.

DobiMstaafu: Naongezea. Mwaka huo huo walitoa na za mahujaji, herufi HA, ambapo 10 ni ya buluu. Usizichanganye.

Bwana_Mizani: Sasa kwa nini ziwe adimu kama nchi zote zilizitumia?

BintiMatrah: Kwa sababu zilirudishwa. Kuwait walitoa dinari yao 1961, Bahrain 1965. Juni 1966 India ikashusha thamani ya rupia, dola ikatoka rupia 4.76 hadi 7.50, na wengi waliobaki wakajitoa. Sisi Oman tuliendelea nazo mpaka riali ilipokuja 1970. Nani angebaki na pesa isiyonunua hata mkate? Labda babu yako, kwa mapenzi ya lile jahazi.

DobiMstaafu: Vile vitundu visikutishe, benki za India zilikuwa zikibana mabunda kwa pini. Ila pasi HAPANA. Nimepiga pasi miaka thelathini, nakwambia: karatasi ikilainishwa, mnunuzi anajua kwa kidole tu. Laminesheni ndiyo kuiua kabisa, haitoki tena. Itie kwenye mfuko wa plastiki usio na PVC (aina ya plastiki inayoharibu karatasi), iweke bapa, mbali na jua. Na kule kwa yule wa elfu ishirini usirudi.

KasaWaUnguja: Nimeangalia. Ni Z, na simba wanaonekana. Ahsanteni sana. Pasi ilikuwa imeshapata moto, nimeichomoa. Mama kanuna.