Mume yupo mlimani, mimi zamu ya usiku, watoto watano wamefungua geti nyumbani

Mama P wa Pasua
Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, ni nesi, na baba watoto anapandisha wageni mlimani. Tuna watoto watano: mkubwa darasa la sita, wa mwisho chekechea, katikati kuna mapacha ambao hata padri anawajua kwa majina.

Shule zinafungwa Juni, na Juni hiyohiyo ndipo wageni wanaanza kumiminika. Mzee akipanda njia ya Machame hayupo siku sita au saba. Akishuka anafua soksi, analala, kundi lingine linamsubiri. Nyumbani anabaki dada wa kazi.

Juzi narudi kazini asubuhi, nakuta foleni ya watoto wa mtaa mpaka barabarani. Wanangu wamegeuza mnara wa simtanki kuwa Kilimanjaro! Mkubwa yupo mlangoni na daftari, anaandikisha wageni na kupokea kiingilio mia mia. Mapacha ndio waongozaji, makoti ya baba yao yanaburuza chini. Mizigo inapimwa kwenye mizani ya jikoni kama kwenye geti la kupandia mlima kabisa. Dada kabebeshwa godoro, anapanda ngazi huku anaambiwa "pole pole, dada, pole pole". Kale kadogo kapo kileleni, kamekalia mfuniko, kanagawa vyeti.

Jioni dada akafunga begi. Anasema kazi za ndani alikubali, upagazi hakuambiwa, na tena hawakumpa hata tipu.

Kazi siachi, na mzee naye msimu ndio huu. Nifanyeje? Wa kunicheka najua mpo, ila ushauri pia naomba.

Mangi Mpole
Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuangalia simu. Ila mama, hiyo ngazi iondoe leo, kabla hujasoma maoni mengine. Utundu tunauvumilia, mtoto kudondoka toka juu ya tanki hapana.

Fimbo Nyeusi
Viboko tu. Sisi tulilelewaje?

Mama P wa Pasua
Mwenye mkono mzito ni baba yao, na yupo kambi ya Barafu huko mlimani saa hizi. Alipopata mtandao nikamsimulia, akauliza wangapi wamefika kileleni.

Binti Kibosho
Peleka mapacha kwa bibi yao. Wakate majani ya ng'ombe, wabebe ndizi, saa mbili wamelala wenyewe.

Mama P wa Pasua
Bibi aliwachukua likizo iliyopita, wiki haikuisha akawarudisha. Walimnywesha beberu wake mbege, pombe yetu ya ndizi.

Nesi wa Sakina
Dada, mimi nipo Arusha, mume wangu anaendesha watalii Serengeti, kwa hiyo tunalia kilio kimoja. Usihangaike na watoto kwanza, hangaika na ratiba. Nilimwendea incharge kabla hajapanga zamu, nikamwambia masika anibebeshe usiku anavyotaka, maana Aprili na Mei wageni wamepungua na baba yupo nyumbani. Kuanzia Juni mpaka Oktoba anipange asubuhi. Wenzangu walikubali haraka, usiku wa mvua hakuna anayeugombea. Na zile siku 28 za likizo usizimalize zote Desemba kwa ajili ya Krismasi. Omba uzigawe, nusu uchukue Juni.

Mzee wa Rau
Huyo wa daftari msimguse! Mpeni hela ya sokoni, awe anarudi na hesabu. Mtoto anayeweza kupanga foleni Moshi hii ana kipaji. Na dada mpigie, kaondoka kwa hasira, bado hajapata kazi kwingine.

Fimbo Nyeusi
Mapato yalikuwa shilingi ngapi?

Mama P wa Pasua
Elfu mbili, wamenunulia ubuyu wote. Nesi wa Sakina, ubarikiwe, ratiba ya mwezi ujao bado haijabandikwa, kesho nawahi kwa incharge. Ngazi nimeifungia stoo. Dada nimempigia, anarudi Jumatatu: anataka nyongeza, na kila anachobeba juu ya kichwa kilipiwe.