Mrejesho: Masters ya uuguzi kwa anayetaka kufundisha

Niliuliza hapa, nikiwa Iringa: muuguzi mwenye digrii ya kwanza asome nini ili afundishe, na nini ili awe mbobezi wodini? Asanteni sana, majibu yamenyoosha njia.

Kwanza, chagua unataka kufundisha ngazi gani. Kwa vyuo vya kati, mafunzo ya ualimu wa afya ya CEDHA, kituo cha kuandaa walimu wa afya kilichopo Arusha, yanakufaa, maana pale unajifunza kuandaa somo na kupima wanafunzi. Kwa chuo kikuu, masters ya fani yenyewe ndiyo yenye uzito. MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili) wana ya wagonjwa mahututi na majeruhi, afya ya akili, na ukunga na afya ya wanawake. M.Ed (masters ya elimu) ya Chuo Kikuu Huria unaisoma huku ukiwa kazini Mbeya au Njombe, ila haikufanyi mbobezi wa kitanda cha ICU. Tafadhali msichanganye hizo mbili.

Kinachokwamisha wengi ni karatasi. GPA (wastani wa alama za digrii) ya 2.7 ndiyo mlango wa chini, lakini anayelenga uhadhiri anahitaji zaidi ya hapo. Linganisha jina kwenye cheti cha kidato cha nne, digrii na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, herufi kwa herufi: "Elizabeth" na "Elizabeti" ni watu wawili mbele ya mfumo. Rekebisha mapema.

Kwa mtumishi wa umma, hakikisha jina lako limeingia kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri kabla hujaomba chuo. Udahili bila ruhusa unakuacha na barua mkononi na zamu ya usiku palepale.