Shingo ya binti yangu imekuwa nyeusi, haitoki

MamaZai: Jamani, binti ana miaka 10, kilo 61. Shingo na makwapa vimekuwa vyeusi, ngozi imekuwa nene kama mahameli. Bibi yake anamsugua kwa dodoki na limau mpaka mtoto analia. Ni fangasi?

Muuguzi_Tanga: Mwacheni mtoto, dada! Si uchafu. Kwa mtoto mnene, mara nyingi ni insulini, homoni inayodhibiti sukari, iliyozidi mwilini. Apimwe sukari, na ALT, kipimo cha damu cha ini. Watoto kama hawa huweza pia kuwa na mafuta kwenye ini, na kwa kawaida hayaumi mapema.

BabaPacha: Wetu alikutwa na mafuta hayo kwenye ini, na shingo nyeusi vilevile. Hakupewa dawa, daktari alikataza soda na juisi za pakiti, akataka acheze kila siku. Shingo inarudi rangi yake, polepole.

MamaZai: Soda ananunuliwa na babu yake kila Ijumaa. Hapo ndipo pagumu.