Mwekezaji anaogopa uchaguzi, au sheria inayobadilika usiku?

Wakuu, kuna hoja nimechoka kuisikia: mwekezaji anataka utulivu, kwa hiyo tusiguseguse uongozi uliopo, wenye fedha watakimbia. Napinga. Nchi inaweza kuwa kimya na bado hakuna anayejua kesho yake.

Italia imebadilisha serikali zaidi ya mara 60 tangu 1946, na imo G7, kundi la nchi saba tajiri zenye uchumi mkubwa. Ubelgiji ilikaa siku 541 ikivutana kuunda serikali, 2010 hadi 2011; benki na mahakama ziliendelea na kazi. Sasa tazameni China, ambako hakuna anayewaza chama tawala kung'oka. Novemba 2020, zikiwa zimebaki siku mbili tu hisa za Ant Group, kampuni ya huduma za fedha mtandaoni, zianze kuuzwa sokoni, mauzo ya karibu dola bilioni 34, mamlaka zikasitisha kila kitu.

Anayejenga mtambo wa umeme anafukia mtaji ardhini na kuurudisha kidogo kidogo kwa miaka 20. Akikorofishana na serikali, hawezi kung'oa mtambo akaondoka nao. Kwa hiyo anauliza: waziri ajaye ataheshimu mkataba huu? Nikiishtaki serikali kwenye mahakama zake, ninaweza kushinda? Rais aliyekaa miaka 30 hayajibu maswali hayo. Tena huyazidisha, maana neno lake ndilo sheria na hakuna ajuaye nani atamrithi.

Karibuni kwa hoja.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, umechagua nchi zenye taasisi zilizokomaa. Risasi zikianza kulia, bima ya mizigo inapanda na benki inazuia awamu ya mkopo iliyobaki. Hapo nani anauliza habari za mahakama? Amani kwanza, mengine yafuate.

MLETA MADA
Kwa kiwanda na hoteli nakubaliana nawe. Kwa mafuta, hapana. Mwaka 1986 Angola ikiwa vitani, kampuni ya Chevron ya Marekani ilikuwa inachimba mafuta mkoani Cabinda chini ya ulinzi wa askari wa Cuba walioisaidia serikali ya Angola, huku serikali ya Marekani ikiwapa silaha waasi wa UNITA! Faida ikiwa nono, na visima viko baharini, watu wanavumilia mengi. Halafu Uingereza, Septemba 2022: hakuna risasi hata moja, bajeti tu ya kupunguza kodi bila kueleza pengo litazibwaje. Pauni ikaporomoka, Benki Kuu ikalazimika kununua hati fungani za serikali, na waziri mkuu hakumaliza miezi miwili.

MCHANGIAJI WA PILI
Mnabishana kuhusu wageni tu. Kampuni kubwa ya nje ina bima ya MIGA, shirika la Benki ya Dunia linalokinga wawekezaji dhidi ya hatari za kisiasa, na usuluhishi wa kimataifa. Mzawa mwenye kiwanda kidogo hana hata kimoja. Akinusa hatari anageuza akiba yake kuwa dola na kuahirisha kununua mashine, wala hatoi taarifa kwa waandishi. Mleta mada, huyu kwenye hoja yako yupo wapi?